Soneti Pembezoni: Matini ya Misimu Minne ya Vivaldi Mikononi mwa Wahariri

Suala la uhariri wa matini za kale limezoeleka kujadiliwa na wanafasihi kana kwamba ni lao peke yao. Karl Lachmann alipoweka misingi ya kulinganisha miswada katika karne ya 19, Joseph Bédier alipoipinga misingi hiyo, na W. W. Greg alipochapisha mwaka 1950 makala yake mashuhuri kuhusu uteuzi wa matini ya msingi, wote walikuwa na maneno akilini mwao: mishororo, tahajia, alama za uakifishaji. Lakini tangu karne hiyo hiyo ya 19 kundi jingine la wahariri limekuwa likiyakabili matatizo yale yale, na kwa sehemu kubwa halijasomwa na wanafasihi. Hao ni wahariri wa muziki wa enzi ya Baroki, wakiwemo wale walioshughulikia konserto za fidla, utanzu ambao mpigaji mmoja wa fidla hushindana na kukubaliana na kundi la ala za nyuzi. Makala hii inaichunguza kazi yao kwa kuzingatia mfano mmoja, yaani konserto nne za Antonio Vivaldi ambazo zinajulikana kama Misimu Minne. Mfano huu umeteuliwa kwa sababu una jambo ambalo ni nadra katika utanzu huo. Kila konserto imeambatanishwa na soneti. Ni matini ya sanaa mbili, na wahariri wake wameonyesha uangalifu mkubwa kwa sanaa moja kuliko kwa nyingine.

Inafaa kwanza kueleza hali ya matini yenyewe. Misimu Minne ilichapishwa Amsterdam mwaka 1725 na Michel-Charles Le Cène, mkwe wa Estienne Roger aliyekuwa ameichapisha Opus 3 ya Vivaldi mwaka 1711. Konserto hizo nne ndizo zinazotangulia katika mkusanyiko wa konserto 12 uliopewa namba ya Opus 8. Muswada wa mkono wa mtunzi haujapatikana. Hazina kubwa ya miswada ya Vivaldi, iliyonunuliwa kwa ajili ya maktaba ya taifa ya Torino kwa awamu mbili, mwaka 1927 na mwaka 1930, na kupewa majina ya Mauro Foà na Renzo Giordano, watoto wawili waliofariki wa wafadhili, ina mamia ya kazi zake. Lakini Misimu haimo. Kwa hiyo, kwa zaidi ya karne mbili, mhariri aliyetaka kuitoa upya alikuwa na shahidi mmoja tu wa maana, yaani chapa ya Amsterdam pamoja na chapa zilizotokana nayo.

Hali hiyo ilibadilika mwaka 1973, wakati mtaalamu Mwingereza Michael Talbot alipotambua katika maktaba ya Manchester kundi la miswada ya Vivaldi iliyokuwa imesahauliwa. Miongoni mwake mlikuwa na vijitabu vya Misimu Minne. Miswada hiyo ilikuwa mali ya Kadinali Pietro Ottoboni wa Roma. Baada ya kifo chake mwaka 1740 ilinunuliwa kwa ajili ya Charles Jennens, yule yule aliyeandaa maneno ya Messiah ya Handel, na baada ya kupita mikono kadhaa ikafika Manchester. Kwa sehemu kubwa ni kazi ya wanakili. Hata hivyo haikunakiliwa kutoka chapa ya Le Cène, na inatofautiana nayo mahali pengi. Paul Everett, katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu Opus 8, alionyesha jinsi ushahidi huo wa pili ulivyo mzito. Tangu hapo hakuna mhariri anayestahili kuitwa mhakiki ambaye anaweza kuifuata Amsterdam peke yake bila kujieleza.

Jambo la pili linahusu umbo. Chapa ya 1725 haikuwa kitabu kimoja. Ilikuwa vijitabu vitano: cha fidla kuu, cha fidla ya kwanza, cha fidla ya pili, cha viola, na cha besi, kilichoandikiwa ogani na chelo. Ile nakala unganishi ambayo mwanafunzi wa leo anaifungua, ikiwa na sehemu za ala zote zimepangwa juu na chini katika ukurasa mmoja, haikuwamo katika chapa hiyo kabisa. Ukurasa ule ni kazi ya mhariri tangu mstari wa kwanza. Wanafasihi wamezoea kudhani kwamba mhariri husafisha kitu ambacho tayari kipo. Hapa mhariri hukiunda kitu hicho, kisha hukiita Vivaldi.

Tena, kitu chenyewe hakikuandikwa kikamilifu. Besi ya Baroki huandikwa kwa mstari mmoja wa nota, wenye tarakimu hapa na pale ambazo humwambia mpigaji wa kinanda ni sauti zipi aziongeze. Sauti zenyewe hazimo. Kwa msomaji wa Kiswahili hali hii si ngeni hata kidogo. Anayesoma utenzi wa kale katika hati za Kiarabu hukuta alama moja imesimama badala ya i na e, nyingine badala ya u na o, na mara nyingi herufi moja badala ya p na b. Mnakili hakuwa mzembe, kwani alimwandikia mtu aliyeijua lugha na kuyajua mapokeo. Mhariri wa kisasa anayeihamishia matini hiyo katika hati za Kirumi hulazimika kuchagua irabu mahali ambapo muswada hauchagui, na chaguo lake likishachapishwa huanza kuonekana kama neno la mshairi. William Hichens alifanya kazi ya namna hiyo katika toleo lake la Al-Inkishafi la mwaka 1939, na wasomi waliomfuata waliichambua sio tu kama matini bali pia kama fasiri. Mhariri wa konserto anayeijaza besi kwa sauti kamili, kisha akaichapisha kwa ukubwa ule ule wa nota za mtunzi, anafanya vivyo hivyo. Desturi ya matoleo mazuri ya leo, ya kuichapisha nyongeza hiyo kwa nota ndogo au katika kijitabu kilicho kando, ni desturi ya uaminifu ambayo wahariri wa tenzi wangeweza kuiazima bila aibu.

Uaminifu huo haukuwapo siku zote. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, konserto za Vivaldi ziliwafikia wapigaji kupitia matoleo ya mabingwa wa fidla waliojiona warithi wa mtunzi, si watumishi wa matini yake. Mfano unaojulikana zaidi ni ule wa Tivadar Nachez, Mhungaria aliyeitoa konserto ya la ndogo, ya sita katika Opus 3, baada ya kubadili vifungu na kuongeza vyake. Toleo lake liliingizwa katika juzuu ya nne ya mafunzo ya Suzuki, na hivyo watoto wengi wa mabara yote wamemjua Vivaldi kupitia kwa Nachez kabla hawajamjua Vivaldi mwenyewe. Katika mazingira hayo si ajabu kwamba Fritz Kreisler aliweza kutunga konserto nzima, akaipiga kwa miaka mingi kwa jina la Vivaldi, na asigunduliwe hadi alipokiri mwenyewe mwaka 1935. Pasipokuwa na matini iliyohakikiwa, hapana pia kipimo cha kumtambulia mwigaji.

Toleo kubwa lililofuata lilikuwa la Istituto Italiano Antonio Vivaldi, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1947. Chini ya uongozi wa mtunzi Gian Francesco Malipiero, kazi za ala za Vivaldi zilitolewa katika juzuu 530 hadi mwaka 1972. Ukubwa wa kazi hiyo hauwezi kubezwa. Bila yake Vivaldi angebaki jina. Hata hivyo juzuu hizo hazikutoa maelezo ya kutosha ya tofauti za nakala, na msomaji aliyetaka kujua nota fulani imetoka wapi mara nyingi aliachwa bila jibu. Ndiyo sababu taasisi hiyo hiyo ililazimika kuanza upya katika miaka ya 1980, kwa toleo la kihakiki lenye taarifa ya kila chanzo na kila badiliko.

Katika matoleo haya mapya, kuhusu nota, kazi imefanywa kwa ustadi ambao mwanafasihi anaweza kuuonea wivu. Hata nadharia imesogezwa mbele. Greg alitofautisha yale yanayobeba maana katika matini na yale ya nje tu, kama tahajia na nukta, na akasema mhariri anaweza kuifuata nakala moja kwa hayo ya nje na kuwa huru zaidi kwa yale ya maana. Ukiihamishia tofauti hiyo kwenye konserto, utasema nota ni za maana na alama za upinde ni za nje. Mpigaji yeyote wa fidla atapinga mara moja. Alama inayounganisha nota mbili humwambia kama atazipiga kwa mvuto mmoja wa upinde au kwa mivuto miwili, na mivuto miwili ni matamshi mengine kabisa. Kinachoonekana cha nje kwenye karatasi ndicho kilicho ndani ya mkono. James Grier, katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu uhariri wa muziki, alisisitiza kwamba kila uamuzi wa namna hiyo ni tendo la uhakiki. Hilo ni kweli, na ndilo linalotoa haki ya kuwauliza wahariri hawa kuhusu uamuzi mmoja ambao wengi wao wameupitia haraka.

Uamuzi huo ni wa mahali pa soneti. Mpangilio unaokutwa mara nyingi ni huu: soneti nne huchapishwa katika kurasa za mwanzo, pamoja na tafsiri, kabla ya muziki kuanza. Ndani ya nakala unganishi, vipande vya mishororo hurudiwa juu ya nota, pengine kwa herufi ndogo. Shairi limehifadhiwa, na hakuna neno lililopotea. Lakini limewekwa mahali pa dibaji, na dibaji ni mahali ambapo msomaji huruhusiwa kuruka.

Katika chapa ya 1725 soneti zilikuwa ndani ya kijitabu cha fidla kuu. Pembeni mwa mishororo zilichongwa herufi, A, B, C na kuendelea, na herufi hizo hizo zikatokea tena katika muziki mahali ambapo mshororo unahusika. Maana yake ni kwamba shairi zima, kama shairi, lilimfikia mtu mmoja tu katika kundi, yaani mpigaji mkuu. Wenzake walipata vipande na vidokezo. Msikilizaji hakupata kitu, labda mtu angemsomea. Mgawanyo huu wa maarifa ni sehemu ya matini, na nakala unganishi huufuta kwa wema wake wa kumpa kila mtu kila kitu.

Wapo watakaojibu kwamba soneti si sehemu ya kazi ya asili. Hoja yao ina nguvu, kwa sababu imetoka kwa Vivaldi mwenyewe. Katika waraka wa kumtunukia kitabu Kaunti Wenzel von Morzin wa Bohemia, alimwomba asishangae kuzikuta konserto hizi ambazo alikwisha kuzipenda tangu zamani. Alieleza kwamba ameona vyema kuzichapisha kwa sababu, ingawa ni zile zile, sasa zimeongezewa soneti na ufafanuzi wa wazi wa kila jambo, na kwa hiyo zitaonekana kama mpya. Kwa mhariri anayetafuta nia ya kwanza ya mtunzi, hapa pana kibali cha kuyaondoa maneno. Kwa mhariri anayefuata nia ya mwisho, pana amri ya kuyaweka. Ni nadra mtunzi kuwaachia wahariri wake mgogoro ulio wazi namna hii. Jerome McGann, ambaye mwaka 1983 aliikosoa nadharia nzima ya nia ya mtunzi, angesema kwamba mgogoro wenyewe ni wa uongo: kazi iliyoingia katika jamii ni ile ya 1725, pamoja na mchapishaji wake, mtunukiwa wake na maneno yake.

Nani aliyezitunga soneti hizo haijulikani. Wengi wamemtaja Vivaldi mwenyewe, bila ithibati. Wala si ushairi mkubwa. Picha zake ni zile za kawaida za wachungaji, ndege, dhoruba na baridi, na lugha yake inakimbilia vina. Lakini shairi la wastani linaweza kuwa ushahidi wa hali ya juu, na hapo ndipo ujuzi wa kifasihi unapoweza kumsaidia mhariri wa muziki.

Soneti ya Kiitaliano ina mishororo 14, iliyopangwa katika tarbia mbili na tathlitha mbili. Konserto ya Vivaldi ina mafungu matatu: la haraka, la polepole, la haraka. Ni kwa namna gani beti nne zinagawanywa kwa mafungu matatu? Katika Masika na Kiangazi tarbia zote mbili huenda kwa fungu la kwanza, tathlitha moja kwa la pili, na nyingine kwa la tatu. Umbo la shairi na umbo la muziki hukubaliana, na mpito kutoka tarbia kwenda tathlitha hukutana na kimya kilicho kati ya mafungu. Katika Vuli tarbia ya kwanza ni ya fungu la kwanza, ya pili ni ya usingizi wa walevi katika fungu la pili, na tathlitha zote mbili ni za uwindaji. Bado kila mpaka wa muziki ni mpaka wa ubeti.

Katika Majira ya Baridi mkataba huu unavunjika. Tarbia ya kwanza, yenye baridi, upepo na meno yanayogongana, ni ya fungu la kwanza. Fungu la polepole, lile la utulivu kando ya moto huku mvua ikinyesha nje, limepewa mishororo miwili tu, nayo ni nusu ya kwanza ya tarbia ya pili. Mishororo minane iliyobaki, kuanzia kutembea juu ya barafu hadi pepo zinazopigana, ni ya fungu la mwisho. Kwa hiyo tarbia ya pili imekatwa katikati. Muziki unasimama kabisa mahali ambapo ubeti ungali unaendelea.

Mshairi anayeanza na shairi, akijua kwamba litatiwa muziki wa mafungu matatu, hana sababu ya kufanya hivyo. Angeweza kuufanya moto ule ujaze ubeti wake. Mshairi anayefuata muziki uliokwisha kuwapo, wenye fungu fupi la pili na fungu la mwisho lililojaa matukio mengi, hana budi. Mkato huu hauthibitishi kila kitu, lakini unakwenda pamoja na maneno ya waraka kwa Morzin, na unayapa uzito ambao neno la kumpendeza mfadhili peke yake lisingekuwa nao. Huu ni ushahidi kuhusu historia ya matini, wa aina ile ile ambayo wahariri huitafuta katika wino na karatasi. Msomaji wa toleo la kawaida hawezi kuuona. Katika dibaji soneti imechapwa kwa beti nne nadhifu, na katika muziki imetawanywa kipande kipande. Mkato huonekana tu pale maumbo mawili yanapowekwa ana kwa ana.

Mfano wa pili ni mdogo zaidi, na wapigaji wanaujua vizuri. Katika fungu la polepole la Masika, mchungaji wa mbuzi amelala kwenye maua. Soneti inasema mbwa wake mwaminifu yuko ubavuni mwake. Haisemi kwamba anabweka. Kidokezo kilichochongwa katika kijitabu cha viola ndicho kinachosema hivyo, na kinamwagiza mpigaji apige daima kwa nguvu sana na kwa kurarua, ilhali fidla zinazoiga mnong'ono wa majani zinapigwa kwa sauti ya chini kabisa. Anayesoma nota peke yake ataiona nguvu ile kuwa kosa la mchongaji wa mabamba, naye atashawishika kuirekebisha. Anayesoma soneti peke yake hatajua kwamba kuna mbweko. Kidokezo ni matini ya tatu, si shairi wala si nota, nayo inaliongezea shairi jambo ambalo halina. Toleo linaloviweka vidokezo na mishororo kwa chapa ya aina moja, kama wafanyavyo baadhi ya wahariri, linaificha tofauti hiyo, na kumfanya mshairi asiyejulikana awe mwenye mbwa anayebweka.

Pana pia agizo katika fungu la polepole la Vuli, kwamba kinanda cha nyuzi kipige sauti zake kwa kuzitawanya moja baada ya nyingine. Kijitabu cha besi kimeandikiwa ogani na chelo. Kinanda hicho kimetoka wapi? Mhariri anaweza kusema kwamba jina lililo kwenye jalada lilikuwa la desturi tu, na kila kundi lilitumia ala iliyokuwepo. Anaweza pia kusema kwamba ogani na kinanda vilipishana, kila kimoja kwa hali yake. Jibu lolote atakalolitoa litaamua usingizi wa walevi wale utasikika vipi, na litakuwa limetokana na maneno machache ambayo hayamo katika soneti na ambayo hayawezi kuandikwa kwa nota.

Mpangilio mwingine unawezekana. Soneti inaweza kurudishwa katika kijitabu cha fidla kuu ambacho huuzwa pamoja na nakala unganishi, ikiwa na herufi zake pembeni, na mwanzo wa kila fungu ukiwekewa alama ndani ya shairi. Vidokezo vinaweza kupewa chapa yao. Taarifa ya uhakiki, ambayo tayari huorodhesha kila nota iliyobadilishwa, inaweza kuorodhesha pia maneno: yapo kijitabu gani, kwa tahajia gani, na yako juu ya kipimo gani. Gharama yake ni kurasa chache. Muyaka bin Haji, ambaye tungo zake zilihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na karatasi za W. E. Taylor kabla Hichens hajazichapisha mwaka 1940, hakuwa na mtu wa kumfanyia hivyo. Maelezo ya nani alimjibu nani, na kwa tukio gani, yamekuwa yakihama kutoka pembeni mwa ukurasa kwenda kwenye dibaji, na kutoka dibaji kwenda kusikojulikana. Vijitabu vya Le Cène bado vipo, na herufi zake bado zinasomeka.